Kijenzi Kisichosajiliwa na Yowe la Mama

Mimi nina hasira za karibu, na kompyuta zinalijua hilo. Dukani kwangu Nyamisangura, pale Tarime mjini, nimewahi kuigombeza printa mpaka mteja akaniomba msamaha kwa niaba yake. Kwa hiyo usishangae nikikwambia kwamba siku ile kijenzi kilipokubali kufanya kazi kwenye kompyuta ya ofisi ya kijiji bila kusajiliwa, nilitoka nje nikaruka ruka mbele ya mbuzi wa watu. Karani wa kijiji alifunga dirisha. Hakuwa na hakika kama nimepata habari njema au nimepata wazimu.

Lakini ngoja nianze na mama, maana bila mama nisingehangaika na kijenzi chochote.

Mama anakaa Machochwe, upande wa Serengeti. Shamba lake linaishia kwenye korongo, na ng'ambo ya korongo ni hifadhi. Baba amelala kaburini pale pale nyumbani, nyuma ya zizi, na kila asubuhi mama humpitia akamwambia hali ya hewa. Msimu uliotangulia tembo walivuka korongo mahindi yakiwa yamekomaa. Walikula, wakakanyaga walichoshindwa kula, wakaiangusha na ghala. Mama alikuwa shambani peke yake akigonga debe. Majirani walipofika walimkuta amekaa juu ya tuta, debe bado liko mkononi, na nyayo za tembo zimepita karibu naye kiasi kwamba hakuna aliyetaka kulitaja jambo hilo.

Kaka yangu, ambaye ndiye mkubwa wetu na anafanya kazi Musoma, alikuja akazitazama zile nyayo. Akatuita mimi na mama ndani.

"Msimu ujao wakila tena," alisema, "mama unahamia kwangu. Mimi sitaki kuja huku kuchukua maiti."

"Na baba yenu nimwachie nani?" mama akamuuliza.

Kaka hakusema kwa ubaya, najua. Sauti yenyewe ilikuwa inatetemeka. Lakini nilimwona mama anavyoutazama ukuta wa nyumba yake, na nikajua ukimtoa pale humpeleki Musoma, unampeleka kuzimika. Mimi ni binti, tena nimeolewa, na kwetu binti aliyeolewa hana neno kubwa kwenye mji wa baba yake. Ila moyoni nilikuwa nachemka: hawa tembo hawatakula. Hawatakula!

Sasa nikueleze yowe, kwa asiyejua. Kwetu ukipatwa na jambo unapiga yowe. Anayelisikia haulizi, haangalii kama amevaa viatu. Anatoka na kilichomo mkononi, anakimbilia lilikotoka, na huku anakimbia naye analipokea ili wa mbali wasikie. Asiyetoka, kesho yake wazee watamuuliza alikuwa wapi. Na yowe la mama linajulikana. Linaanza chini, linapanda, halafu linakatika ghafla kabla ya kupanda tena. Hata mtoto wa Machochwe atakwambia huyo ni nani.

Shida ya mama haikuwa kukosa watu. Shida ni kwamba macho yamechoka na pumzi zimepungua. Mpaka amwone tembo, tembo yuko ndani ya mahindi. Mpaka apige yowe la kufika kwa majirani, nusu ya shamba imekwenda. Nikawaza: nikimpata wa kuona mapema badala yake, na wa kulipaza yowe badala yake, basi.

Wa kuona nilimpata Sirari. Kuna muuzaji mmoja wa vifaa vilivyotumika, pale karibu na mpaka, anayeuza kila kitu kilichowahi kuwa na waya. Alinionyesha boksi dogo lenye antena na vitufe kadhaa vya kufunga kwenye milango, vinavyoongea nalo kwa mawimbi ya redio.

"Hii ni ya kulinda stoo, madam," akasema. "Mwizi akiguza mlango, hii boksi inajua saa hiyo hiyo. Unachomeka kwa kompyuta. Hautajuta, niamini mimi."

Sikumwamini, lakini nililipenda boksi. Nilifikiri: kitufe hakijui mlango ni nini. Nikikifunga kwenye waya uliopitishwa kando ya korongo, tembo akiusukuma, boksi litaambiwa vilevile. Nikarudi Tarime nikiimba njia nzima.

Wa kupaza sauti alikuwa mama mwenyewe. Nilitaka kumrekodi, lakini alikataa katakata kupiga yowe la uongo kijijini kwake. Nikamleta Nyamisangura, nikafunga mlango wa duka, nikamwekea simu mezani. Mama akarekebisha kanga, akavuta pumzi, akapiga. Mungu wangu! Kabla hajamaliza, mlango ulisukumwa, akaingia muuza chipsi wa jirani na upawa wake unachuruzika mafuta, nyuma yake fundi cherehani na mkasi. Mama aliona aibu sana. Alitoka nje kuwaomba radhi mmoja mmoja, akaishia kunywa chai kwa muuza chipsi, wala hakurudi kusikiliza tulichorekodi. Mimi nilikisikiliza peke yangu na nywele zikanisimama.

Kilichobaki ilikuwa programu, na hapo nilijiona nimefika. Programu yangu ilikuwa fupi: sikiliza boksi, kitufe kikiguswa, onyesha ni upande gani wa shamba, kisha cheza yowe kwenye spika. Lakini programu yangu haikujua lugha ya boksi. Aliyejua lugha hiyo ni kijenzi kilichokuja na boksi lenyewe. Kijenzi ni kipande cha programu ambacho mtu mwingine amekwisha kukitengeneza. Wewe huhitaji kujua ndani yake kuna nini, unakiita kwa jina, kinakuja, unakiagiza kazi, kinafanya. Kwenye kompyuta yangu ya dukani kiliitika vizuri. Nikagusa kitufe, yowe likalia. Muuza chipsi akapiga kelele kutoka kwake, "Ni la kweli hilo au la kompyuta?"

Kompyuta yangu ndiyo chakula changu, siwezi kuiacha Machochwe msimu mzima. Ofisi ya kijiji ilikuwa na kompyuta, umeme, na spika kubwa ya kuitia mikutano. Mwenyekiti wa kijiji alikubali bila shida. Shamba lake mwenyewe liko jirani na la mama. Nikafunga waya kando ya korongo nikisaidiwa na majirani, nikaweka boksi ofisini, nikanakili programu, nikaifungua.

Kompyuta ikaniambia: kijenzi hakijasajiliwa.

Kwa kawaida kijenzi hakianzi kazi mpaka kiandikwe kwenye rejista ya mfumo mzima wa kompyuta. Programu ikikiita, mfumo unaangalia kwenye rejista hiyo: huyu ni nani, anakaa faili gani? Asipokuwemo, hatambuliki hata kama amesimama mlangoni. Na kusajili kunataka nywila ya msimamizi. Nikamuuliza karani nywila.

"Ile kompyuta ililetwa na mradi," akasema. "Mradi umeisha."

"Na nywila je?"

"Iliondoka na mradi."

Nilicheka kwa hasira. Nilipiga simu kwa kila mtu aliyewahi kuwa na uhusiano na mradi huo. Mmoja alikuwa amehamishwa, mwingine hakumbuki, mwingine aliniambia nifuate utaratibu, nikamuuliza utaratibu gani, simu ikakatika. Ningeweza kuifuta kompyuta nzima na kuianza upya, lakini humo mna mambo yote ya kijiji, na mwenyekiti aliniambia nikigusa hayo nitalala mahabusu pamoja na tembo wangu. Mahindi ya mama yalikuwa yameanza kutoa nywele nyekundu.

Nikarudi Tarime nimenuna. Kwa siku kadhaa dukani nilikuwa natengeneza simu za watu huku nasoma kwenye mtandao kila kitu kilichosema juu ya usajili wa vijenzi. Na ndipo nikakutana na jambo lililonifanya niache bisibisi mezani. Kumbe kuna njia nyingine! Kijenzi kinaweza kufanya kazi bila kusajiliwa popote, mradi programu yenyewe ikitambulishe. Unakiweka kijenzi kwenye folda moja na programu, halafu unaweka kando yao faili dogo la maandishi linaloeleza: nimekuja na kijenzi hiki, faili lake ni hili, kitambulisho chake ni hiki. Mfumo ukiisoma programu unalisoma na faili hilo kwanza. Programu ikikiita kijenzi, mfumo hauendi kwenye rejista. Unasema, aa, huyu ameletwa na huyu, ingia.

Nikajipiga paja. Mbona hilo nimelikulia? Mgeni akija peke yake kijijini anapelekwa kwa mwenyekiti wa kitongoji aandikwe, aulizwe katoka wapi na anafuata nini. Lakini nilipompeleka mume wangu nyumbani mara ya kwanza, bado mchumba, wazee wakakunja nyuso kwa kuwa ni mtu wa ziwani, mama alisimama akasema neno moja tu: "Huyu ni wangu." Hakuna aliyemuuliza tena chochote. Akapewa kiti, akapewa na kichuri, ile nyama yenye uchungu wa nyongo, akaila machozi yakimtoka ili asiniaibishe.

Nikaandika faili langu la "huyu ni wangu." Kitambulisho cha kijenzi ni msururu mrefu wa tarakimu na herufi, nikaunakili kwa uangalifu. Nikaenda Machochwe na flashi mfukoni, nikashuka kwenye pikipiki, nikamwamkia mwenyekiti shikamoo huku natembea, nikafungua.

Kijenzi hakijasajiliwa.

Nikatazama. Herufi moja kwenye jina la faili nilikuwa nimeikosea. Nikarekebisha, nikafungua tena. Hakijasajiliwa! Hapo niliipiga meza kofi, karani akasogeza kikombe chake. Kila kitu kilikuwa sawa sasa, nilikisoma mpaka macho yakauma, na mashine inakataa. Nikakaa nje kwenye benchi, nikala ndizi ya kukaanga, nikajituliza. Ndipo nikakumbuka kitu nilichokisoma mahali na kukidharau: mfumo ukishalisoma faili la utambulisho mara moja, unalikariri. Hauendi kulisoma tena hata ukilirekebisha, mpaka uone programu yenyewe ina tarehe mpya. Yaani ulikuwa bado unanihukumu kwa kosa langu la asubuhi. Nina shangazi wa namna hiyo.

Nilikuwa nimebeba kompyuta yangu kwenye begi. Nikaiunda upya programu bila kubadilisha hata nukta, ili tu iwe na tarehe mpya, nikainakili, nikafungua.

Kimya. Hakuna kosa. Kwenye kioo yakatokea maneno niliyoyaandika mwenyewe: boksi liko tayari. Ndipo nikatoka nje kuruka mbele ya mbuzi. Nakwambia, nimewahi kujifungua watoto na furaha ile naijua, lakini hii nayo ilikuwa na utamu wake! Kijenzi kilikuwa kinafanya kazi ndani ya kompyuta isiyokijua, bila ruhusa ya mtu aliyehamishwa, bila kugusa kitu cha mtu.

Mtu mwenye akili zake angekwenda nyumbani hapo, lakini mimi nilitaka kujaribu. Mama alikuwa ameenda Mugumu hospitali kuangaliwa macho. Nikampigia jirani aliyekuwa shambani, nikamwambia asukume waya. Akasukuma. Kwenye kioo: upande wa mkuyu. Na spika ya kijiji, ile kubwa ya kuitia mikutano, ikapiga yowe la mama mpaka bati la ofisi likatetemeka.

Nilikuwa bado nacheka kwa raha nilipowaona. Walikuja kutoka kila upande. Wanaume na marungu, wanawake na michi, mmoja na jembe lenye udongo mbichi, vijana wawili na pinde. Wanakimbilia ofisini. Wote! Wakaizunguka ofisi, jasho linawatoka.

"Yuko wapi?" jirani wa mama akaniuliza, mama mmoja mnene ambaye sikuwahi kumwona akikimbia maishani. "Mama yako yuko wapi? Nani kamgusa?"

"Hayupo," nikasema. "Ameenda Mugumu. Nilikuwa najaribu..."

"Hayupo?"

"Ni kompyuta, mama. Ni ya tembo."

"Na tembo wako ofisini kwa mwenyekiti?"

Hapo ndipo nilipoelewa. Mimi niliyezaliwa pale, niliyekimbia mayowe tangu utotoni, nilikuwa nimesahau kwamba watu wa kwetu hukimbilia lilikotoka. Ningewaita siku ya tembo, kijiji kizima kingekuja kuilinda ofisi, na mama angebaki na debe lake kule korongoni. Tena mbali zaidi na msaada kuliko mwanzo.

Wazee walikaa hapo hapo chini ya upenu. Kupiga yowe bure kuna adhabu kwetu, na walibishana kama kompyuta inaweza kutozwa. Mzee mmoja akasema, "Mashine haina mbuzi, mwenye mashine anaye." Nikatoa mbuzi, akaliwa, nami nikala, na alikuwa mtamu. Nilidhani watanikataza kabisa. Mwenyekiti akauliza kama yowe la mashine nalo ni yowe, na yule jirani mnene ndiye aliyejibu, mfupa ukiwa mkononi.

"Yowe halina kibali," akasema. "Anayeona ndiye anayepiga, awe mgeni, awe mtoto. Mashine ikiona, ipige. Ila ipigie pale penye tatizo, tata mwenyekiti. Isitukimbize bure."

Penye tatizo. Mahali penye umeme karibu na shamba la mama ni pamoja tu: kanisa dogo, lililo juu kidogo ya korongo, ukitoka mlangoni mahindi yake unayaona yote. Lina spika ya kuitia ibada na kompyuta kuukuu ya kuandikia majina ya wanaobatizwa. Mama aliporudi kutoka Mugumu alisimuliwa habari yangu na ya mbuzi, akacheka mpaka akakaa chini. Lakini baada ya kucheka alininong'oneza kwamba kaka amepiga simu. Anakuja mwisho wa juma, na ameshampangia chumba.

Asubuhi yake nilikuwa kanisani. Katekista ni mtu mpole, lakini kwa kompyuta ile ni mkali.

"Paroko amesema hakuna kusajili wala kuweka kitu chochote ndani ya hii mashine," akaniambia. "Kuna kijana aliweka michezo, ikaugua mpaka Pasaka ikapita."

"Siweki kitu ndani, katekista. Ninaweka folda moja juu ya meza yake, hapa kwenye kioo. Ukiichoka unaifuta, inabaki ilivyokuwa."

"Haina usajili?"

"Haina!"

Sidhani kama nimewahi kulitamka neno kwa fahari kiasi hicho. Fikiria kama ningekuwa bado naomba nywila. Ningeanza upya: nani ana nywila ya kanisa, yuko jimboni, amesafiri, andika barua. Badala yake nilichomeka flashi, nikanakili folda: programu, kijenzi, faili la huyu ni wangu, na sauti ya mama. Vinne vimeshikana, vinatembea pamoja. Kwenda kulichukua boksi ofisini ndiko kulikonichelewesha, maana mwenyekiti alitaka kwanza kujua kama tutalirudisha, halafu katekista akakumbuka waya wa spika umeliwa na panya. Tukaunga waya. Jua lilikuwa limeanza kuwa jekundu nilipokaa kwenye kiti na kuifungua programu. Boksi liko tayari.

"Sasa usijaribu," katekista akanionya. "Tafadhali, dada. Mimi sina mbuzi."

"Sijaribu."

Na kweli sikujaribu. Nilikuwa nimesimama mlangoni nakunja waya uliobaki, natazama moshi wa jikoni kwa mama, nyuma yangu ukasikika mlio mdogo wa boksi. Nikageuka. Kwenye kioo: upande wa korongo.

Nilifikiri ni upepo. Halafu spika juu ya vichwa vyetu ikalia. Likaanza chini, likapanda, likakatika, likapanda tena. Katekista akaniangalia kwa macho ya kunilaumu, nikamwonyesha kwa kidole. Kwenye majani marefu ya korongo kulikuwa na mgongo wa kijivu, na nyuma yake mwingine, na mwingine, na mkonga umeinuliwa juu kama unauliza kelele hizi ni za nani.

Ee, walivyokuja! Nimesema yowe hupokelewa. Lilipokelewa nyumba kwa nyumba mpaka sikujua tena lipi ni la spika na lipi ni la watu. Walikuja kanisani moja kwa moja, na kutoka mlangoni pa kanisa hakukuwa na haja ya kuuliza chochote. Kila aliyefika aliona. Jirani mnene alipita mbele yangu na sufuria na mwiko, hakunitazama hata kidogo. Vijana walishuka na tochi na mayowe, wakijipanga kati ya mahindi na korongo kama tulivyofundishwa na watu wa hifadhi, bila kumzingira tembo, wakimwachia njia ya kurudi. Mwenyekiti alikuwa anapiga simu kwa askari wa wanyamapori na kukimbia kwa wakati mmoja. Mimi nilikuwa napiga kelele tu, sijui nilikuwa nasema nini. Nilikuwa nalia, nilikuwa nacheka.

Wale tembo walisimama. Wa mbele alitikisa masikio, akarudi nyuma hatua chache, akageuka. Walikuwa wamevunja mistari michache ya pembeni na kuukata waya wangu, basi. Wakashuka korongoni taratibu, kama watu wasiotaka ionekane kwamba wamefukuzwa, wakapandia upande wa pili.

Hapo ndipo nilipomtafuta mama kwa macho, na sikumwona. Nikashuka mbio kuelekea nyumbani, nikakutana naye katikati ya shamba, kanga ameikaza kiunoni, mchi begani, anahema, anatokea upande wa nyumba na kukimbilia kanisani. Alinipita. Nikamshika mkono.

"Mama! Unakwenda wapi? Wamekwisha kuondoka!"

"Niachie," akasema. "Kuna mama analia kule kanisani. Hujamsikia? Mmempata?"

"Mama gani?"

"Yule anayelia! Nimeacha ugali jikoni. Sauti yake ina uchungu, mwanangu, huyo amepatwa na jambo kubwa. Yuko salama?"

Hakuwahi kuisikia sauti yake mwenyewe. Kijiji kizima kiliijua ile sauti, isipokuwa yeye. Nikamkumbatia na mchi wake, naye ananisukuma aende.

"Ni wewe, mama," nikamwambia mwishowe. "Ni ile ya dukani. Ni wewe ulikuwa unalia."

Akasimama. Spika ilikuwa bado inaendelea, maana kwa haraka zangu sikumwambia katekista namna ya kuizima. Mama akainamisha kichwa akasikiliza, zamu moja, zamu ya pili, watu wakimpita na tochi zao na kumsalimia. Aliwatazama wote wale, waliojaa shamba lake kutoka tuta hadi tuta. Kisha akajifuta uso kwa ncha ya kanga.

Simu yake ikaita ndani ya kifundo cha kanga. Alikuwa kaka. Habari za tembo zilikuwa zimeshamfikia Musoma, na nilimsikia anapiga kelele anamuuliza yuko wapi, ameumia, aanze safari sasa hivi?

"Njoo kutusalimia," mama akamwambia, "lakini hicho chumba mpe mwingine. Mimi siwezi kuondoka. Kuna mwanamke mmoja huku, akilia tu, watu wote wanatoka."

Halafu akanipa simu nimweleze vizuri, akachukua mchi wake, akaenda kuutazama ugali.